Mzee Aliyeondoka Kabla ya Vita: Kasongo na Kabambare, 1869 hadi 1898

Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mpira wa kikapu wa wanawake una mashabiki wake, magazeti yake na mapato yake, kumbadilisha kocha ni jambo lenye majira yake maalumu. Mashindano huanza mwezi wa Novemba yakamalizika mwanzoni mwa Aprili, na aghalabu ni katika majuma machache yanayofuata mechi ya mwisho ndipo makocha hustaafu, au huhama, au huonyeshwa mlango. Kwa maana wakati huo ndipo wachezaji nao hupata ruhusa ya kuhamia vyuo vingine, na mabinti wa sekondari waliokwisha ahidiwa nafasi hutaka kumjua atakayewalea, hata chuo kinachokawia kumtaja kocha mpya huweza kujikuta kina kocha asiye na timu. Pat Summitt, aliyeishika timu ya Tennessee tangu mwaka 1974 na kuipatia ubingwa wa taifa mara 8, alipotangaza mwezi wa Agosti 2011 kwamba ameingiwa na maradhi yanayoila kumbukumbu, hakuondoka siku ile. Aliumaliza msimu mzima, huku Holly Warlick, msaidizi wake kwa zaidi ya miaka 20, akiichukua sehemu kubwa ya kazi mbele ya macho ya wachezaji wote, na Aprili 2012, mashindano yamekwisha, ndipo alipomwachia kiti. Kweli, mrithi huyo hakufika alikofika mtangulizi wake, na mwaka 2019 naye akaondolewa. Walakini hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwamba alikabidhiwa timu mpira ukiwa ungali hewani. Wakongo si wageni wa mchezo huo, kwani wanawake wa nchi hii, zama ilipokuwa ikiitwa Zaire, walitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1983, 1986 na 1994, wakafika hadi Atlanta kwenye Olimpiki ya 1996, kwa hiyo naamini watanivumilia nikiuchukua mfano wa uwanjani kuupeleka katika habari za kale za Maniema.

Nimeuleta kwa sababu moja. Wanaosimulia kuanguka kwa Kasongo, wawe ni maofisa wa Kibelgiji walioandika vitabu vyao baada ya vita, au wazee wanaoyapokea maneno kwa wazee wao, hubishana daima juu ya mtu: je, Sefu bin Hamed alikuwa mkali mno, au mchanga mno, au mwenye kiburi kupita kiasi, hata akaupoteza mji alioachiwa na baba yake? Kwa nadra sana hubishana juu ya tarehe. Nami naona kwamba mtu akiiweka kalenda ya miaka ile mbele yake, na kuisoma mwezi kwa mwezi, atamwonea Sefu huruma kidogo, na lawama atazipeleka pengine.

Tuanze na Kabambare, kwa kuwa huko ndiko mambo ya kurithiana hatamu yalikoandikwa mwanzo kwa kalamu ya mgeni. Mwezi wa Septemba 1869 David Livingstone, akifuatana na wafanyabiashara wa pembe kutoka pande za Ujiji, aliwasili katika mji alioutaja kwa jina la Bambarre, akaukuta katika hali ya msiba usiopoa. Mkuu wa nchi ile, ambaye Livingstone aliliandika jina lake Moenekuss, alikuwa amefariki karibuni, na mahali pake palishikwa na wanawe wawili, Moenembagg na Moenemgoi. Mpango wao ulikuwa wa namna yake: mkubwa, ambaye mgeni alimwona ndiye mwenye busara zaidi, ndiye aliyekuwa msemaji katika mambo yote mazito, ilhali mdogo ndiye aliyekuwa mkuu hasa na mwenye amri. Na baba mwenyewe hakuwa ameondoka kabisa. Livingstone aliambiwa kwamba kichwa cha marehemu kimehifadhiwa katika chungu nyumbani mwake, na kwamba kila shauri la watu wote hupelekwa kwanza kuelezwa kichwa kile kwa adabu zote, kana kwamba roho ya mzee ingali humo ikisikiliza.

Msomaji asiharakishe kuucheka utaratibu huo. Ulikuwa ni tadbiri ya kuziba pengo: kinywa kwa mkubwa, amri kwa mdogo, na hekima ya mwisho kwa yule aliyekwisha kufa, ili pasiwe na siku hata moja ambayo nchi itasemwa haina mwenyewe. Katika miaka ya utulivu yamkini ungetosha, mpaka mmoja wa vijana wale akakomaa na ndevu zake zikaheshimiwa bila ya msaada wa chungu. Lakini miaka ile haikuwa ya utulivu. Habari zilikuwa zimetapakaa hadi pwani kwamba katika nchi ya Manyema pembe za ndovu hazina thamani kwa wenyeji, na misafara ilikuwa ikimiminika yenye gumegume na baruti. Wageni wale walipoona wenyeji wameingiwa na shaka, Muhammad Bogharib, mfanyabiashara aliyekuwa pamoja na Livingstone, alichanjiana nao damu: kila mmoja akatojwa kidogo mkononi, na tone la damu likachukuliwa kwa jani kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, huku yakitajwa maagano ya urafiki. Moenembagg alisema lake papo hapo, kwamba watu wa wageni wasiibe, kwa kuwa wao hawaibi. Ni neno la mtu anayeyajua yanayokuja na asiye na nguvu za kuyazuia.

Livingstone alikaa Kabambare kwa muda mrefu kuliko alivyodhani, akizuiwa na vidonda vya miguu vilivyokataa kupona, akisubiri watu na bidhaa kutoka pwani. Karatasi zilimwishia; ikambidi kuandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa wino wa kukamuliwa katika mimea. Alipoondoka Februari 1871 kuelekea Nyangwe, nchi aliyoikuta mikononi mwa wana wa Moenekuss ilikuwa imekwisha geuka njia ya misafara, na baada ya miaka michache Kabambare ikahesabiwa kuwa kituo tu katika barabara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikapanda magharibi hadi Kasongo. Sisemi kwamba Moenekuss angaliishi miaka 10 zaidi angaliwazuia watu wenye bunduki. Nasema tu kwamba wanawe waliipokea nchi mwaka ambao hata baba yao, pamoja na umri wake na hadhi yake, angaliona taabu kuitawala, na kwamba hawakupewa mwaka mmoja wa kujifunza.

Mfano wa kinyume chake haukuwa mbali. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mwenyeji wa Unguja, ambaye bara yote ilimjua kwa jina la Tippu Tip, alipofika Utetera upande wa mto Lomami, alimkuta mzee aitwaye Kasongo Rushie, naye asichanganywe na mji wa Kasongo. Tippu Tip alimwambia kwamba wao ni ndugu, kwa nasaba ya bibi mmoja wa ukoo wa mzee yule aliyetekwa zamani vitani, na mzee, ama kwa kusadiki, ama kwa kuchoka, ama kwa kuona faida ya kuwa na mjukuu mwenye bunduki nyingi, akamkabidhi utawala wake wote pamoja na haki ya pembe, naye mwenyewe akabaki hai akiitazama kazi ya mrithi wake. Tippu Tip amekisimulia kisa hicho katika kitabu cha maisha yake, alichokitunga kwa Kiswahili, bila ya kuficha kwamba nasaba ile aliibuni. Na ukiacha hila iliyomo, utaona kwamba huku kupokezana kulifanyika kwa wakati wake: mtoaji yupo, mpokeaji ana nguvu, adui wa nje hayupo. Kulidumu.

Baadaye akaufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake, na hapa ndipo historia ya Maniema ya kusini inapopata kitovu chake. Kutoka Kasongo alitoka na Stanley, yule msafiri wa Kizungu, mwaka 1876 kushuka mto. Kutoka Kasongo aliyatuma majeshi na makundi ya wapagazi. Na kwa ajili ya Kasongo alikwenda Unguja akarudi, akawa wakili wa Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, katika nchi ya bara, kisha mwaka 1887, kwa mapatano na Stanley, akakubali kuwa wali wa Mfalme Leopold wa Wabelgiji kwenye Maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Watu wengi wamemcheka kwa mshahara ule. Mimi namwona kama mtu aliyeyaona mawimbi mawili yanakuja, moja la Wazungu kutoka mto na jingine la Wazungu kutoka pwani, akachagua kusimama juu ya mojawapo badala ya kufunikwa na yote mawili.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba dola yake haikuwa na kiti, ilikuwa na mtu. Mwinyi Mohara wa Nyangwe alimstahi yeye. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan el-Barwani, aliyeshika Ujiji na pande za ziwa, alikuwa mshirika wake yeye. Ngongo Lutete, yule jemadari wa Lomami aliyekuwa mtumwa utotoni akapanda hadi kuamuru maelfu ya watu kutoka boma lake la Ngandu, alikuwa mtu wake yeye. Hapakuwa na baraza, wala wasia uliosomwa mbele ya wote, wala msaidizi aliyekalia benchi miaka 20 akionekana na kila mtu kwamba ndiye atakayefuata.

Naye akaondoka mwaka 1890. Stanley, baada ya masaibu ya msafara wa kumtafuta Emin Pasha, wali wa Misri aliyekwama kule Sudan, alimfungulia mashtaka Unguja katika korti ya balozi wa Kiingereza, na Tippu Tip akaona hana budi kwenda kujibu na kuziokoa mali zake zilizofungiwa huko. Alimwacha mpwa wake Rashid bin Muhammed kwenye Maporomoko, na mwanawe Sefu akawa ndiye mkubwa wa Kasongo. Alipitia Tabora, akaugua njiani, akafika Unguja mwaka 1891, na ile kesi iliyomtoa kwake Stanley akaiacha bila ya kuifikisha mwisho. Kwa ajili ya kesi isiyosikizwa, mzee alitoka katika nchi ambayo hakurudi tena hadi alipofariki Unguja mwaka 1905.

Sasa itazamwe kalenda. Mwezi wa Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ambao, pamoja na mambo ya utumwa, ulikataza kuingiza bunduki na baruti katika Afrika kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini ya ikweta. Mwaka huohuo Unguja ikaingia chini ya himaya ya Waingereza, na Mrima ikawa imekwisha shikwa na Wajerumani. Kwa hiyo yule Sayyid ambaye jina lake lilikuwa ngao ya kila Mwarabu wa bara hakuwa tena na neno la kuamua. Septemba 1891 Leopold akatoa amri ya siri ya kuwahimiza maofisa wake kuzitwaa pembe na mpira wa miti kwa ajili ya Dola yake ya Kongo, maana yake ni kwamba biashara iliyoilisha Kasongo ilikuwa imefanywa haramu na yule aliyeitwa rafiki. Baruti imefungwa, pwani imechukuliwa, mshirika amegeuka. Na yote hayo yakatukia katika muda mfupi tangu yule mtu mmoja aliyeweza kuzungumza na pande zote alipotia mguu njiani. Kama angalitaka kuchagua majira mabaya kuliko yote ya kuuacha mji, asingaliyapata mengine.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mei 1892 msafara wa Hodister uliokuja kutafuta pembe katika pande za Riba Riba uliangamizwa. Mwaka huo Ngongo Lutete, aliyekwisha kupigwa na majeshi ya Francis Dhanis, ofisa wa Leopold, akafanya mapatano na Bula Matari, kama wenyeji walivyoiita Dola ile, akahama na watu wake wote. Wabelgiji waliandika kwamba alishindwa vitani, nayo ni kweli. Lakini kushindwa peke yake hakumfanyi mtu ahame. Deni la Ngongo lilikuwa kwa baba, si kwa mwana, na mwana alilidai kama la kwake. Sefu aliwapelekea Wabelgiji ujumbe wa kutaka Ngongo arejeshwe, na alikuwa na rehani mkononi, kwa maana Kasongo kulikuwa na mkaazi wa Dola, Lippens, na msaidizi wake De Bruyne.

Tukio moja la Novemba 1892 lastahili kusimuliwa polepole. Sefu alikuwa amepanga jeshi ukingoni mwa Lomami, na De Bruyne akaletwa hadi mtoni ili azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo ya pili, awashawishi wamrejeshe Ngongo. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, ndiye aliyekiandika kisa hicho. Mto ukiwa kati yao, wenzake walimuuliza kwa lugha yao kama anajua kuogelea, wakamweleza kwamba wamewaficha wapiga shabaha wao bora katika vichaka, na kwamba akijitupa majini watamlinda mpaka afike. Alijibu kwamba kuogelea anajua, lakini hawezi kumwacha Lippens peke yake Kasongo. Akawashukuru, akageuka, akarudi na waliomleta. Mwezi wa Desemba wote wawili waliuawa huko Kasongo, wakati Sefu amekwisha kushindwa vibaya kwenye Lomami. Sijui kisa kingine katika vita ile yote, upande huu au ule, kilicho na heshima zaidi ya hicho.

Januari 1893 Mwinyi Mohara akauawa. Machi 4 Nyangwe ikatwaliwa. Aprili 22 Kasongo ikaingiwa, kwa vita vya muda mfupi. Hinde ameorodhesha walichokikuta, na orodha yake inasomeka kama hesabu ya mirathi ya tajiri: maghala ya nafaka, magodoro ya hariri ambayo hata askari wa kawaida waliyalalia, mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo, na nje ya mji mashamba ya mpunga na miwa, na bustani za matunda zilizopandwa kwa utaratibu. Mji wa namna ile haukuwa kambi ya wanyang'anyi tu, ingawa utajiri wake ulibebwa na mabega ya watumwa na hakuna haki katika kulisahau hilo. Palepale wakapata vitu vya Emin Pasha, aliyeuawa Oktoba iliyotangulia kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakuu wa Waarabu wa bara. Magofu ya mji ule, mbali kidogo na Kasongo ya leo, ndiyo yanayoitwa Tongoni.

Baada ya hapo vita vikahamia kwenye barabara ya Kabambare. Rumaliza, ambaye kwa maoni yangu ndiye pekee aliyekuwa na kipawa cha kushika nafasi ya Tippu Tip, alikuja kutoka Tanganyika na jeshi kubwa, akajenga maboma imara ya magogo na udongo, na kwa miezi kadhaa akawatia Wabelgiji katika dhiki ya kweli; kamanda wao Ponthier alifariki kwa majeraha mwezi wa Oktoba 1893, na mwezi huohuo Sefu naye akafa vitani. Rumaliza alikuwa mtu sahihi aliyekuja miaka 3 baadaye. Angaliikuta Kasongo nzima, na Nyangwe, na Ngongo katika safu yake, ingalikuwa habari nyingine. Alichokikuta ni mabaki. Mizinga ya Krupp iliyavunja maboma yake Januari 1894, na tarehe 25 ya mwezi huo Kabambare ikatwaliwa. Yeye akavuka ziwa kwenda upande wa Wajerumani.

Yuko atakayesema kwamba hata mzee angalibaki, Bula Matari angalikuja tu na mizinga yake. Nakubali. Lakini Tippu Tip alijua jambo ambalo Sefu hakujaliwa muda wa kulijifunza, nalo ni lini mtu akubali kidogo ili asipoteze kingi. Mshahara ule wa pauni 30 ni ushahidi wake. Mapatano na Ngongo yangaliwezekana, Lippens na De Bruyne wangalipelekwa mtoni wakiwa hai, na watu wa Maniema, ambao ndio waliolipa gharama ya kila boma lililochomwa, yamkini wangalipata mabadiliko ya dola pasipo miaka 2 ya moto na njaa.

Washindi nao hawakuwa na hekima zaidi. Septemba 1893, vita vikiwa vingali vinaunguruma, maofisa vijana kule Ngandu walimtuhumu Ngongo Lutete kwa khiyana, wakamhukumu katika baraza la kijeshi, wakampiga risasi; Hinde, aliyetumwa kulichunguza shauri lile, aliwasili mambo yamekwisha. Kwa hiyo askari wa Ngongo, waliohamia upande wa Dola kwa ajili ya mtu mmoja, walinyang'anywa mtu yule bila ya kupewa mwingine, wakagawanywa katika vikosi na kutawanywa. Julai 1895 walioko Luluabourg waliasi. Mwaka 1897 askari wengine wengi wa asili hiyo, waliopelekwa na Dhanis kuelekea Mto Nile, waliasi njiani, wakarudi kusini wakipigana mwaka mzima na zaidi, na Novemba 1898 wakaingia Kabambare na kuwatimua walinzi wa Bula Matari kutoka boma lilelile ambalo baadhi yao walikuwa wamesaidia kulitwaa.